Vitaa Vyeupe vya Mtani Wangu

Yule bwana alikuwa na mdomo. Naanzia hapo kwa sababu hata yeye kila siku alianzia hapo. Ukimpelekea baiskeli asubuhi hakuulizi habari za nyumbani, hakuulizi umeamkaje. Anaitazama baiskeli, anakutazama wewe, anairudia baiskeli, halafu anatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. "Maskini," anasema. Anaiambia baiskeli, si wewe. "Umeangukia mikononi mwa nani?"

Kijijini tulimwita Fundi. Mafundi wengine walikuwapo, wa cherehani, wa kujenga, ila hao walitajwa na majina yao. Ukisema Fundi, ukanyamaza, basi ni huyu wa baiskeli, mwenye banda la makuti pale barabara ya kutoka Msimbati inapoinama kuteremkia Madimba. Mimi nilimwita Mtani. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani toka kwa mababu, na mtani ana ruhusa. Namtukana, ananitukana, hakuna kununa. Anayenuna anatoa kuku. Mimi sikuwahi kutoa. Yeye nilimlia watatu, na mmoja alikuwa mtetea wa kutaga. Kwa hiyo haya nitakayomsema hapa ni haki yangu, msije mkaniambia namsengenya mtu.

Alikuwa na koti la kaki. Jua linawaka mpaka mchanga unaunguza nyayo, yeye ndani ya koti, jasho linamtoka kama anapika ubwabwa wa harusi. Na mfukoni, hapa juu kifuani, kalamu tatu. Kusoma hajui, kuandika hajui. Mimi nami shule niliishia darasa la pili, lakini sikutembea na kalamu kuwatisha watu. Siku moja nikamuuliza.

"Mtani, hizo kalamu unaandikia nini?"

"Nachokolea valvu."

"Zote tatu?"

"Valvu zinatofautiana," akasema, akazikalisha vizuri mfukoni.

Na mtu akipita barabarani na baiskeli, Fundi hakosi neno. Amekaa kwenye kigogo chake, tairi mapajani, macho barabarani. "Wewe, unakaa kama gunia la makopa." "Magoti ndani, magoti ndani, unataka kumpiga nani mateke?" "Mtazameni huyu, anashika breki kama anakamua mbuzi." Mwalimu mkuu wa shule yetu, mtu mzima, ana shati la kuchomekea, alipita pale akaambiwa, "Mwalimu, mgongo. Hicho si kiti cha ofisini." Mwalimu akanyoosha mgongo. Tulimwona. Alinyoosha mgongo mpaka akapotea kwenye mikorosho.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli nzuri kuliko zote. Nyeusi, spoku zinameta, kengele ya kumwita jini. Na kila alikokwenda alikwenda nayo, akiikokota kwa mkono. Ijumaa msikitini, anaikokota. Gulioni, anaikokota. Kwenda kumzika mtu kijiji cha tatu, wenzake wanampita wamepanda, wanamwambia, "Fundi, panda twende." Anajibu, "Gundi ya tairi haijakauka." Kesho yake, "Naipumzisha." Siku nyingine, "Mnyororo nimeutia mafuta sasa hivi, hautaki kusumbuliwa." Na sisi tunatazamana, tunasema, huyo ndiye fundi, anajua thamani ya chombo. Wajinga tulikuwa wengi kijijini, na mimi nilikuwamo.

Msimu wa mabibo alikuwa na jingine. Uraka, pombe ya mabibo, unagemwa kila nyumba ya pili, na Fundi, mtu wa safu ya mbele msikitini, anapita anasema yeye hanywi. Kweli, hanywi. Anaonja. Anaonja hapa kama umekaa sawasawa, anaonja pale alinganishe. Mpaka jioni anakuwa ameonja kata nne, na baiskeli yake ndiyo inamkokota yeye.

Lakini siwezi kumsema mabaya matupu. Mama yangu alipokufa, yeye ndiye alikuja wa kwanza, kama mtani anavyotakiwa. Akaingia ndani bila hodi, akajifunga kanga za marehemu, akatoka uani ameinama vilevile mama alivyokuwa akiinama, akaanza kuwafukuza kuku kwa sauti ya mama: "Tokeni, wana wa haramu nyie, muhogo mmelima nyie?" Nilikuwa nimelia toka alfajiri, macho yamevimba. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu akalizuia jeneza mlangoni, akasema halitoki mpaka apewe ugali. Tukampa, akala kwa kisamvu, akaongezwa, ndipo akapisha. Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Unamtukana, unamtunza.

Sasa nije kwenye taa.

Mume wangu, Baba Somoe, alikuwa mchuuzi wa pweza. Mchana anateremka Msimbati kununua kwa kina mama wanaochokoa mwambani, jioni tunachemsha, na kabla hata ya adhana ya alfajiri anafunga tenga kwenye keria anaondoka, ili jua likitoka awe sokoni Mtwara. Baiskeli yake ilikuwa ya zamani, ya Kichina, yenye dinamo. Wajukuu zangu hawaijui. Ni kama kichupa cha chuma kinaegemea tairi. Tairi likizunguka nacho kinazunguka, kinalia nguuu, na taa ya mbele inawaka njano. Ukienda upesi inawaka, ukienda pole inafifia kama jicho la mgonjwa, ukisimama giza. Mimi nalala nasikia ile nguuu inapungua, inapungua, mpaka mteremko unaimeza. Najua kaondoka salama.

Basi miaka hiyo, elfu mbili na kitu, vikaingia viberiti vya gesi vyenye kitaa chini. Kitaa kidogo kama punje ya mchele, cheupe, kinachoma macho. Sasa vijana wanaviita LED. Siku hizo sisi tulisema vitaa vyeupe, basi. Viberiti viliisha gesi, watu wakavitupa, Fundi akaviokota. Akaviokota na kwenye tochi mbovu za Kichina. Akajaza kopo. Halafu akaanza mdomo.

"Globu ya njano ni mambo ya wazee," anamwambia Baba Somoe. "Inakula nguvu za mtu bure. Wewe unakanyaga, jasho linakutoka, yenyewe inaangaza au inanuna?"

"Inaangaza kidogo," anasema Baba Somoe. Mume wangu alikuwa mpole.

"Inanuna. Lete nikutie nyeupe. Utawaona mpaka sungura wa Msumbiji."

Akaifungua taa, akaing'oa globu ya zamani kama anamng'oa mtu jino. Akatoboa kifuniko cha kopo la maziwa, akapanga vitaa sita mviringo, akavichomea kwa risasi ya kuyeyusha na chuma alichokitia moto kwenye jiko la mkaa. Koti halivuliwi. Kumaliza, akaibinua baiskeli miguu juu, kama anavyofanya siku zote, akashika pedeli kwa mkono mmoja, akazungusha taratibu, kama mtu anayesaga kahawa. Vitaa vikawaka. Weupe wake, mpaka watu waliokaa bandani wakasema aaa. Fundi akawatazama. "Leteni na zenu," akasema.

Alfajiri ya kwanza tu, Baba Somoe akaondoka. Nikasikia nguuu, nikatoka mlangoni nione, na kweli barabara ilikuwa nyeupe kama mwezi umeshuka. Akaingia mteremkoni. Nguuu ikapanda, ikapanda, ikawa nyembamba, na ule weupe ukazidi, ukawa wa kuchomelea chuma. Halafu tap. Giza. Halafu kishindo.

Nilikwenda na kibatari mkononi, sina kanga ya kichwa. Nikamkuta chini kabisa kwenye mchanga, goti limefunguka, tenga limepinduka, pweza wametapakaa barabarani, mikono imenyooka kuelekea Msimbati kama wanarudi kwao. "Mama Somoe," akaniambia, "waokote kabla mbwa hawajaamka." Mtu goti lake linatoa damu, anawaza pweza.

Asubuhi nikaenda bandani. Baiskeli nimeikokota mwenyewe, gurudumu limepinda, na njia nzima nimepanga matusi yangu vizuri, nimeanza na bibi yake.

"Mtani," nikasema, "umemuua mume wangu, ila hakufa."

Akaifungua taa. Vitaa vyote sita vyeusi. "Alikimbiza," akasema.

"Hakukimbiza. Ni mteremko."

"Angeizuia."

"Ana tenga la pweza nyuma, breki zile. Kwenye mteremko baiskeli inakimbia yenyewe."

Akakigonga kitaa kimoja kwa kucha. Halafu akaniuliza, na hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kama mtu wa bara anayeuliza habari za bahari: "Inakimbia kiasi gani?"

Nikamtazama. Matusi yote niliyopanga yakasimama mlangoni.

"Panda ujionee," nikasema. "Yako hiyo hapo."

Akaitazama baiskeli yake nyeusi. Akajitazama mikono. "Gundi ya tairi," akaanza.

"Gundi ipi? Tairi hili sijaona kiraka toka nikujue."

Akazishika kalamu zake pale kifuani, moja moja.

Ndipo nikajua. Fundi hajui kupanda baiskeli. Hajawahi. Zote alizitengeneza miguu juu, zote alizijaribu kwa mkono, taratibu, amekaa. Maisha yake yote hajui upepo wa mteremko ukoje. Na mwalimu mkuu alinyoosha mgongo.

Kwa haki ya utani ilinipasa nicheke hapohapo mpaka watu wa Kilambo wanisikie, wavuke mto waende kuwasimulia na Wamsumbiji. Kicheko kilikuwa hapa shingoni. Lakini nilimuwaza Baba Somoe na goti lake. Huyu mtu hakai, akiweza tu kukunja mguu atarudi barabarani, kwa taa au bila taa. Na miezi hiyo magari ya kazi ya kuchimba gesi yalikuwa yameanza kupita alfajiri, makubwa kama nyumba. Mtu asiye na taa dereva atamwona wapi? Nikakimeza kicheko.

"Sikiliza," nikasema. "Nataka taa ishuke mteremko huu ikafike chini ikiwa hai. Utajuaje kama inafika, hilo ni lako."

Siku nne Fundi hakuwa na mdomo. Watu wanapita wamekaa kama magunia, hasemi. Mke wake aliniuliza kama anaumwa. Alilinyoosha gurudumu, akavunja redio mbovu akatoa vidude vinne, ati vinaugeuza umeme uende upande mmoja tu, maana vitaa vyeupe havitaki kusukumwa mbele na nyuma. Haya, sikuelewa, nikaitikia. Siku ya nne nikamkuta ameingiza mkono kwenye koti, mfuko wa ndani, akatoa kitambaa, akafungua. Globu ya njano, ileile ya zamani.

"Si ulisema ni takataka?"

"Nilisema. Sikusema nimeitupa." Akaikalisha katikati ya vitaa vyeupe. "Hivi vidogo vinapenda nguvu, lakini ikizidi vinapasuka. Hii ni mvivu, ila ina tumbo. Ikizidi, italamba yenyewe."

"Una hakika?"

"Simama chini ya mteremko jioni. Nitakuletea."

Nikasimama. Magharibi imeshaingia, mikorosho imekuwa myeusi tupu. Bi Esha, jirani yangu, akanikuta pale ametoka kuni, akautua mzigo, akasimama naye. Ukimkuta mtu amesimama huondoki bila kujua kwa nini.

Tukaona kitaa cheupe juu kule. Kikaanza kushuka. Nguuu ikaanza, ndogo, ikapanda. Weupe ukaongezeka, nikaweka mkono mdomoni, nikasema sasa hivi tap. Badala yake katikati ya weupe kukatokea unjano, kama kiini cha yai, ukakua, ukatulia. Vitaa havikupasuka. Vinashuka, vinashuka, nyeupe na njano. Na chini ya ile nguuu nikasikia kitu kingine. Pa, pa, pa, pa. Miguu.

Fundi alikuwa anakimbia. Ameshika usukani kwa mikono miwili, baiskeli ya Baba Somoe pembeni yake, koti limepanuka kama kunguru, kandambili moja haipo, kalamu zinamruka kifuani. Kwa umri ule. Alikuwa hana namna ya kusimama. Alitupita, nikauona uso wake, macho yametoka kwa hofu na meno yote nje. Alikuwa anafurahi. Akaingia kwenye mchanga, akaenda chini, baiskeli juu yake, gurudumu linazunguka na taa inawaka, inamulika miguu yake.

Tukamkimbilia. Bi Esha, mwanamke yule hana breki, akauliza: "Fundi, mbona umekimbia nayo? Si ungepanda?"

Fundi amelala chali. Ananitazama mimi.

Na mimi, mtani wake, niliyengojea jambo kama hili miaka yote, nikajisikia nasema: "We Esha, baiskeli ya majeruhi haipandwi na mtu mwingine mpaka mwenyewe apone. Hulijui hilo?"

Mila hiyo haipo. Niliitunga palepale, mchanga bado uko mdomoni mwa Fundi.

"Nalijua," akasema Bi Esha. "Hata bibi yangu alikuwa akisema."

Bibi yake alikufa baiskeli hajaziona. Lakini mpaka leo, nenda kijijini kwetu, mtu akivunjika mguu baiskeli yake inakaa ndani mpaka apone, na ukiuliza wanakwambia ni mambo ya wazee.

Unadhani Fundi alinishukuru? Aliinuka, akajikung'uta, akatafuta kandambili yake kwa mwanga wa taa, akasema, "Mumeo amelegeza breki." Akaikokota baiskeli kupanda kilima, na kabla hajafika juu tukamsikia: "Nani anapita bila kengele hapo? Unajidhani uko kwenu?"

Baba Somoe alirudi barabarani na taa ile, nyeupe akienda pole, na njano ndani yake akiteremka. Madereva walikuwa wanampungia. Watu wakaleta zao, Fundi akawatia wote, na wote akawawekea na globu ya zamani. Anawaambia yeye ndiye aliyewahi kusema toka mwanzo, globu ya njano haina mfano. Kujaribu, akawaagiza wateremke wenyewe, yeye amekaa juu ametega sikio. Hakukimbia tena.

Halafu pikipiki zikaingia, zikaja na taa zao, na banda la makuti likainama, likalala. Baba Somoe akatangulia mbele ya haki, kwa homa, kitandani kwake, si barabarani. Fundi alikuja kunizuilia jeneza, akapewa ugali wake. Tukazeeka.

Nilimwendea mara ya mwisho kwa binti yake, nimebeba ming'oko, ile mizizi ya porini, nimeichemsha, maana aliipenda. Nikamkuta amelala barazani kwenye mkeka, macho yameingia ukungu, miguu imevimba. Koti limekunjwa, amelifanya mto. Uani kumejaa watu, binti zake, majirani, Bi Esha naye yupo, anachambua mchele wa watu bila kuombwa. Nilikuja na tusi zuri, la njiani. Nilipomwona alivyokonda likanitoka.

"Hali yako, mzee wangu," nikasema.

Akageukia ukutani. "Basi nimeshakufa."

"Kwa nini?"

"Mtani akikuita mzee wangu, sanda imeshakatwa."

Nikakaa. Nikammenyea ming'oko, akala miwili. Akatafuna polepole, halafu akaniuliza, "Msibani kwangu utasema nini?"

"Ninalo moja."

"Kubwa?"

"Kubwa. La mteremkoni."

Taya zikasimama. Mng'oko uko shavuni. "Ulijua?"

"Toka ulipouliza inakimbia kiasi gani."

"Ukakaa nalo miaka yote hii? Wewe? Na mdomo huo?"

"Kwanza nilitaka taa. Halafu nikaona ni jambo zuri mno, nikakuwekea siku ya jeneza."

"Siku ya jeneza sitasikia." Akameza. "Watacheka wao, mimi nitalikosa. Hiyo si haki, Mtani. Liseme sasa."

Nikatazama uani, nikainama, nikamwekea mdomo sikioni. Nikasema kwa sauti ndogo, "Fundi mzima, na koti, na kalamu tatu, na baiskeli hajui kupanda."

Shuka lilianza kutikisika tumboni. Nikadhani analia. Akanishika mkono, kidole chake bado kigumu kama spana, akavuta pumzi.

"Paza sauti," akasema. "Wa uani hawajasikia."